Askari wa Kituo Kidogo



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista ambao muda mfupi ujao mtaongoza ibada katika vigango ambavyo leo havina padre, Injili ya Jumapili hii ya Mchungaji Mwema inatuonyesha watu wawili wanaolitunza kundi. Mmoja ni mchungaji, mwingine ni mtu wa mshahara. Katika siku za kawaida si rahisi kuwatofautisha. Wote wawili huamka alfajiri, wote hushika fimbo, wote huijua njia ya kwenda majini; pengine yule wa mshahara hata ana sauti kubwa zaidi. Anayewatofautisha ni mbwa-mwitu. Akitokea, mmoja hukimbia na mwingine hubaki.

Nimetafuta mtu wa kutusaidia kuielewa Injili hii, nami nimemkuta mahali ambapo wengi wetu hatuzoei kutafuta watakatifu, yaani katika kituo cha polisi. Najua wako kati yenu ambao wakisikia neno polisi, mkono huenda mfukoni wenyewe. Sitaki kubishana nao. Malalamiko hayo ni ya zamani kuliko sare zote tunazozifahamu. Mtakatifu Luka anatusimulia kwamba hata askari walimwendea Yohane Mbatizaji kule Yordani kumwuliza wafanye nini, naye akawakataza kuwanyang'anya watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Tukumbuke lakini kwamba hakuwaambia waivue sare. Aliwaacha katika kazi yao, akawadai waifanye kwa haki. Maana yake kazi hiyo inaweza kufanywa kwa haki, na mtu anaweza kumwona Mungu kwa njia hiyo.

Askari ninayetaka kuwasimulia anaitwa Salvo D'Acquisto. Alizaliwa Napoli, kusini mwa Italia, tarehe 15 Oktoba 1920, mtoto wa kwanza wa wazazi wenye kipato kidogo na wenye kusali. Mwaka 1939, kabla hajatimiza miaka 19, alijiunga kwa hiari na Carabinieri, ambao katika nchi ile ni jeshi na tena ni polisi: ndio wanaokaa katika vituo vidogo vya vijijini, wakipokea mashtaka ya wizi na ugomvi wa majirani. Mwaka 1940 alipelekwa Libya, akajeruhiwa mguuni. Mwaka 1942 alirudi kwao, akasomea uongozi katika chuo cha jeshi hilo mjini Firenze, akapewa cheo cha vice brigadiere, ambacho twaweza kukilinganisha na sajini kwetu.

Hapa naomba tusipake rangi. Vita vilivyompeleka Libya vilikuwa vita vya Mussolini, na sisi Waafrika tunakumbuka pia jinsi dola ile ile ilivyoivamia Ethiopia mwaka 1935. Kijana huyu hakuvianzisha vita hivyo, wala hatumheshimu kwa ajili yake. Tunamheshimu kwa ajili ya jambo alilolifanya katika kituo chake.

Kituo chenyewe kilikuwa Torre in Pietra, mahali pa wakulima, kilomita 30 hivi kutoka Roma kwa barabara iendayo kaskazini-magharibi. Kazi ya kituo cha namna ile mnaijua bila mimi kuwaeleza. Haina sifa. Ni daftari la matukio, ni zamu ya usiku, ni kuwapatanisha watu ambao kesho watagombana tena. Nani angeandika kitabu juu ya askari wa mahali kama hapo?

Ndipo mbwa-mwitu akatokea. Tarehe 8 Septemba 1943 ilitangazwa kwamba Italia imeacha kupigana na majeshi ya Uingereza na Marekani. Wajerumani, waliokuwa marafiki zake hadi siku ile, wakageuka mara moja kuwa wavamizi. Alfajiri ya tarehe 9 mfalme na mkuu wa serikali yake waliondoka Roma, wakakimbilia kusini. Majeshi yakabaki bila amri iliyo wazi. Maelfu ya askari waliivua sare wakaanza safari ya kurudi makwao, na mimi si mwepesi wa kuwahukumu, kwa maana kichwa kikishakimbia, miguu itasimama kwa nguvu ya nani? Kijana wa Torre in Pietra alibaki kituoni. Mkuu wake hakuwapo katika siku tunazozizungumzia, kwa hiyo dhamana ya kituo ilikuwa mikononi mwake, naye alikuwa hajafikisha miaka 23.

Jioni ya tarehe 22 Septemba, askari wa Kijerumani waliokuwa wamepanga kambi karibu na mnara wa zamani wa Palidoro, kando ya bahari, walikuwa wakipekua masanduku ya risasi na baruti yaliyoachwa na askari wa ushuru wa Kiitalia waliotumia mahali hapo kabla yao. Mlipuko ukatokea, ukaua na kujeruhi. Ilikuwa ajali. Lakini mkuu wao aliamini, au alitaka kuamini, kwamba wenyeji wametega bomu, akadai apewe mwenye hatia; asipopatikana, wenyeji watalipa.

Kesho yake asubuhi walimfuata D'Acquisto kituoni wakampeleka Palidoro. Wakati huo huo walikuwa wakiwakamata watu ovyo: huyu njiani, yule nyumbani kwake, mwingine kazini, hata wakafika 22. Hakuna hata mmoja wao aliyejua lolote. Askari yule alijaribu kuwaeleza Wajerumani ukweli, kwamba mlipuko ule ulikuwa bahati mbaya na watu hawa hawana kosa. Hakusikilizwa. Walionusurika walieleza baadaye kwamba alikuwa amepigwa na nguo zake zimeraruka, lakini hakupoteza utulivu. Kisha wale 22 wakapewa makoleo, wakaamriwa kuchimba shimo refu chini ya mnara. Wengine walichimba kwa mikono.

Ndugu zangu, mtu anayechimba kaburi lake mwenyewe hachimbi upesi. Saa zilipita. Katika saa zile yule kijana alisimama pale akiwatazama watu ambao kiserikali alikabidhiwa usalama wao. Hakuwa na bunduki tena. Hakuwa na mkuu wa kumwuliza, wala mfalme. Kitu pekee alichokuwa nacho ni ile dhamana. Ndipo alipozungumza na ofisa wa Kijerumani kwa njia ya mkalimani, akajitwika tendo lile: kwamba mwenye kuwajibika ni yeye, na yeye peke yake. Wale 22 wakaachiliwa. Mmoja wao, kijana aliyedhaniwa kuwa ni askari mwenzake, alichelewa kuachiwa kuliko wengine, na ndiye aliyekuja kuwa shahidi muhimu wa mambo ya mwisho. Walipokuwa wakienda zao walisikia bunduki zikilia nyuma yao. Mwili wa D'Acquisto ukafunikwa kwa udongo katika shimo ambalo wao walikuwa wamelichimba.

Mtakatifu Yohane anatueleza jinsi Bwana wetu alivyokamatwa bustanini. Walipokuja na taa na silaha, yeye ndiye aliyetoka mbele kuwauliza wanamtafuta nani. Na alipokwisha kujitaja, aliwadai jambo moja tu: kama ni yeye wanayemtaka, basi wanafunzi wake waachwe waende. Mara nyingi tunayapita maneno hayo haraka katika Ijumaa Kuu, kwa sababu tunakimbilia upanga wa Petro na sikio la mtumwa. Lakini Mwinjili mwenyewe anasimama hapo. Anasema ndivyo lilivyotimia neno kwamba hakumpoteza hata mmoja kati ya wale aliopewa. Mchungaji hujiweka kati ya silaha na kundi. Yule kijana wa Napoli, aliyefundishwa katekisimu katika utoto wake kama sisi, alifanya jambo lile lile pembeni mwa shimo.

Najua kuna mtu, na mara nyingi huwa ni mwanafunzi wa Kipaimara, ambaye ameinua mkono: Padre, je, hakusema uongo? Swali hilo ni zuri, na katekista asimkaripie anayeliuliza. Kanisa halifundishi kwamba uongo huwa mwema ukiwa na faida. Lakini angalieni mambo yalivyofuatana. Kwanza alisema kweli, na kweli ikakataliwa na watu waliokuwa wamekwisha kuamua kuua. Tena, tunaposema uongo, kwa kawaida tunauondoa mzigo wetu na kuuweka juu ya mwingine: si mimi niliyevunja, ni mdogo wangu, si mimi niliyechukua fedha za mfuko, ni mhazini. Askari huyu alifanya kinyume kabisa. Aliuchukua mzigo usio wake. Hakumtaja mtu mwingine yeyote, hakumsingizia jirani, hakujipatia chochote isipokuwa risasi. Wataalamu wa teolojia ya maadili wana la kusema juu ya maneno yale, nami nawaachia. Kwangu mimi, naona kwamba alikuwa mwenye kuwajibika kweli kweli, ingawa si kwa mlipuko. Aliwajibika kwa ajili ya watu wale, na hilo halikuwa uongo hata kidogo.

Italia ilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa mwaka 1945. Kanisa lilikwenda polepole zaidi, na mwendo huo wa polepole una mafundisho. Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri ulifunguliwa mwaka 1983. Mwaka 2001 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, alipozungumza na Carabinieri, alimtaja kama mfano wa jinsi mtu anavyoweza kuufikia utakatifu katika kutimiza kwa uaminifu wajibu wa hali yake ya maisha. Hata hivyo swali lilibaki: tumweke katika fungu gani? Kwa muda mrefu njia zilikuwa hasa mbili. Kuna mfiadini, anayeuawa na watu wanaoichukia imani. Na kuna muungama dini, aliyeziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Wale waliompiga risasi D'Acquisto hawakumwuliza kama anamwamini Kristo. Walikuwa wakilipiza kisasi. Ugumu kama huo ulikuwapo kwa Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, aliyejitolea kufa badala ya baba wa familia huko Auschwitz mwaka 1941: mwaka 1971 alitangazwa Mwenye Heri kama muungama dini, na mwaka 1982 akatangazwa Mtakatifu kama mfiadini.

Basi tarehe 11 Julai 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alifungua njia nyingine, ya wale walioyatoa maisha yao kwa ajili ya wengine. Masharti yake si mepesi. Mtu awe amejitoa kwa hiari, akikikubali kwa upendo kifo kilicho hakika na kilicho karibu. Na kifo hicho kiwe kimetokana na kule kujitoa. Lakini liko sharti lingine ambalo naliona kuwa la thamani kwetu sisi watu wa kila siku: iwe imeonekana kwamba kabla ya hapo alikuwa akiishi fadhila za Kikristo, walau kwa kiwango cha kawaida. Kwa kiwango cha kawaida! Kanisa haliulizi tu, alikufaje? Linauliza, Jumanne ile alipokuwa kituoni aliishije? Alisali? Aliwatendeaje watu waliofika mbele ya meza yake? Kwa sababu si jambo la kawaida mtu aliyezoea kuwauza wananchi kwa fedha ndogo awe tayari siku moja kuwanunua kwa damu yake.

Kwa njia hiyo, tarehe 24 Februari 2025, Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha hati inayokiri kwamba Salvo D'Acquisto aliyatoa maisha yake, na hivyo akatambuliwa kuwa Mheshimiwa, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mwenye Heri. Baba Mtakatifu mwenyewe alikuwa amelazwa hospitalini Roma, naye alifariki dunia tarehe 21 Aprili mwaka ule ule. Sijui kwa nini, lakini sauti ya mgonjwa ikiidhinisha jina la kijana yule hunigusa kila ninapoifikiri. Ili apewe jina la Mwenye Heri unahitajika bado muujiza kwa maombezi yake, kwa hiyo tuombe kwa faragha, tusimfanyie ibada za hadharani kana kwamba hukumu ya Kanisa imekwisha kutolewa. Makatekista, mnisaidie katika hilo. Ari yetu wakati mwingine hulitangulia Kanisa.

Wala msifikiri kwamba habari hizi ni za vita vya zamani tu. Tarehe 23 Machi 2018, mjini Trèbes, kusini mwa Ufaransa, mtu mwenye silaha aliingia katika duka kubwa akaua na kushika mateka. Luteni Kanali Arnaud Beltrame wa polisi ya kijeshi ya nchi ile aliomba achukue nafasi ya mwanamke aliyeshikwa. Yule mama akatoka salama. Beltrame alifariki kesho yake kwa majeraha, akiwa na miaka 44. Alikuwa ameipokea imani akiwa mtu mzima. Hapo tena, hakuna mtu aliyemwamuru.

Sasa nizungumze na wewe, afande, unayetusikiliza kwa redio ndogo ukiwa zamu, kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi kwako kama siku nyingine. Siombi uuawe. Natamani ustaafu ukiwa mzima, ulime shamba lako, uwaone wajukuu. Nakuuliza tu kuhusu meza ile ya mapokezi. Pengine leo atafika mama ambaye mume wake amempiga, au kijana aliyekamatwa pamoja na wengine bila kujulikana kosa lake. Wao nao wamewekwa mikononi mwako. Mashimo mengine hayachimbwi kwa koleo; huchimbwa kwa kalamu, katika maelezo yanayobadilishwa ili asiye na kosa aingie na mwenye fedha atoke. Nani atasimama pembeni mwa shimo hilo aseme, huyu hapana?

Nasi tulio nje ya kituo tusijifanye hatuna deni. Polisi mmoja akikosa, tunawasema wote kwa mwaka mzima. Akifa katika kazi, tunakwenda mazishini, tunasikia risasi zikipigwa hewani, tunamwona mjane akipokea bendera au rambirambi, kisha tunamsahau kabla ya arobaini. Huyo mjane ana jumuiya? Watoto wake wanajulikana parokiani? Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba zile za askari zilizojipanga kwa mistari nyuma ya kituo ni sehemu ya parokia yenu. Watu wake huhamishwa mara kwa mara, huja bila ndugu, na wengi wao husali peke yao kwa sababu hakuna aliyewahi kubisha hodi kuwaambia tunakutana Jumatano kwa fulani. Nendeni mkabishe.

Mabaki ya Salvo D'Acquisto yamewekwa tangu mwaka 1986 katika kanisa la Santa Chiara, katikati ya Napoli, mji alimozaliwa. Watu huingia kutoka barabarani, wakiwa na vikapu vya sokoni, wakasali kidogo, wakaendelea na shughuli zao. Na wale 22 waliondoka pale mnarani wakarudi kwa wake zao na watoto wao.

Leo jioni, mtakapokuwa mkisali Rozari nyumbani, naomba fungu moja liwe kwa ajili ya askari wa kituo kilicho karibu nanyi, mkiwataja kwa majina kama mnayajua. Kwa ajili ya waliokufa wakiwa kazini, na wajane na yatima wao. Na pia kwa ajili ya askari wale waliofyatua bunduki pale Palidoro, ambao nao walikuwa vijana wa mama zao.

Ee Bwana, Mchungaji Mwema, uliyewafungulia njia wanafunzi wako waende zao, ukabaki wewe mikononi mwa wenye silaha, uwapokee katika raha yako walinzi wote waliobaki badala ya wengine. Amina.